Makufuli Manne Mlangoni kwa Bi Nyamvula

Nimeombwa na watu wengi niieleze nchi ya Hodhi kwa utulivu, bila kutukana mtu. Nitajaribu. Mimi ni fundi wa makufuli, si msomi, na yaliyonikuta huko sijayaelewa mpaka leo. Nayasimulia kama nilivyoyaona, na atakayeyaelewa anifahamishe na mimi. Njia ya kufika huko haina faida kuieleza. Yatosha kusema niliandikiwa barua, nikaitikia, nikaingia katika mji wao mkuu uitwao Kizuizi siku ya Jumatatu asubuhi, sanduku langu la zana mkononi na njaa tumboni.

Barua yenyewe ilikuwa fupi: "Fundi Mwanahawa binti Kilindo, makufuli ya serikali yameingia kutu. Njoo uyatie mafuta." Haikusema ni makufuli mangapi wala yamefunga nini. Nilidhani ni ya ghala.

Katika mtaa wa kwanza nilimkuta mama mmoja anasonga ugali jikoni kwake, mlango wazi. Nikapiga hodi, nikamsalimu, nikamuuliza kama mgeni yeyote angeuliza: "Samahani dada, hapa ni kwa nani?"

Mwiko ukasimama katikati ya sufuria. "Hapa?" akasema. "Sijui. Mimi napita tu."

"Unapita, na ugali unasonga?"

"Nimeukuta jikoni, nikaona usije ukaungua."

Nikasema moyoni labda huyu hana akili timamu. Nyumba ya pili palikuwa na mwanamume anapigilia misumari dirishani. Nikamwambia, "Hongera kaka, nyumba yako nzuri." Akaangaza macho huku na huku kama mtu aliyetajwa kwenye wizi. "Nyumba ya nani? Mimi nimeona dirisha linaning'inia, nikasema nilisaidie." Hapo wakatoka watoto wawili mbio wakimwita baba, na pua zao ni zake mwenyewe, hata kipofu angejua. Akawaambia, "Hebu nendeni zenu huko, watoto wa watu."

Makubwa haya! Nikashika tama. Lakini yule mama wa ugali alikuwa na huruma, maana alitoka akaweka kikombe na sahani kwenye kizingiti, akatazama pembeni, akasema kwa hewa, "Kuna chai hapa na ugali wa moto. Sijui vya nani." Akaondoka. Baadaye nilijifunza kwamba Hodhi hakuna kumpa mtu kitu, kwa sababu ukikitoa umekiri kwamba kilikuwa chako. Wema wote wa nchi ile hufanywa kwa kuacha vitu mahali na kugeuza shingo. Nikala chakula kisicho na mwenyewe, na kilikuwa kitamu.

Aliyeniita alikuwa Bwana Ngwali, Msajili wa Makufuli, mtu mrefu mwenye pete kubwa ya chuma kiunoni isiyokuwa na ufunguo hata mmoja. Alinipeleka moja kwa moja kazini. Si ghala, bwana. Ilikuwa nyumba ya udongo ya vyumba viwili, makuti juu, na mlango wa mbao wenye makufuli manne yaliyopangwa toka juu hadi chini: moja la chuma zito, moja la shaba lenye namba, moja la kizamani mno ambalo hata baba yangu asingelijua, na la nne dogo linalong'aa kama kijiko kipya. Upenuni, juu ya kigoda, alikaa mwanamke wa miaka sabini hivi. Mkeka wake ulikuwa pale, chungu chake pale, na nguo zake zimetundikwa kwenye msumari wa nje.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kufungua?"

"Nimekuja kutia mafuta."

"Mafuta." Akayatazama yale makufuli. "Haya. Hata kufuli nalo lina haki ya kula."

Baba yangu alinifundisha nisiguse kufuli kabla ya kuuliza mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu, na fundi asiyeifuata huyo ni mwizi mwenye vifaa. Basi nikauliza kwa mazoea, nikisahau niliyoyaona mitaani: "Nyumba ya nani hii?"

Bwana Ngwali akaziba masikio kwa vidole.

"Yangu," akasema yule bibi.

Nilitaka kumkumbatia. Ndiye mtu wa kwanza katika mji mzima aliyenijibu kama mtu. Jina lake Bi Nyamvula, na alinieleza kisa chake huku nikipangusa kutu.

Mwaka uliopita walipita maofisa kuandikisha. Hawakuandikisha watu wala nyumba, waliandikisha sababu. Kila mtu aliulizwa, "Hiki ni chako kwa sababu gani?" Bi Nyamvula akawaambia yote kwa moyo mweupe. Nyumba aliijenga mwenyewe, udongo akaukanyaga kwa miguu yake. Kiwanja alipewa na mama yake, naye mama yake na mama yake, mtaa mzima unajua. Cheti anacho, kina muhuri. Na ndimo anamolala yeye na wajukuu wanne, hawana pengine.

"Nilidhani sababu zikiwa nyingi ndiyo nguvu," akasema. "Kumbe kila sababu ina baraza lake. Yakaja mabaraza manne, kila moja likatia kufuli lake mpaka waelewane. Huu mwezi wa nane nalala nje. Wajukuu nimewatawanya kwa wapita njia."

"Na nani anakudai hiyo nyumba?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

Bwana Ngwali, aliyekuwa amezibua masikio, akajibu kwa fahari: "Mahakama zetu hazijawahi kuwa na wadai. Wadai huvuruga hoja."

Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Jambo lililonichoma zaidi lilikuwa darini. Bi Nyamvula alikuwa na viroba vitatu vya mbegu ya mtama, ametundika juu ya moshi kabla ya kufungiwa. Mvua ya mwaka ilikuwa imeanza Ijumaa. Mtama wa kwao una masharti: usipouingiza ardhini ndani ya siku saba za mvua ya kwanza, mwaka huo umekwisha. Siku ile ilikuwa ya nne. Mashamba ya wengine yote yalishapandwa, na lake lilikuwa tupu, limelowa, linangoja.

"Si wakuazime mbegu majirani?"

"Waliniwekea jana hapo barazani. Wakageuka, wakasema kuna mbegu hapa hatujui za nani." Akatema mate pembeni. "Nikawaambia waziondoe. Mimi si mwokotaji."

"Kwani hawa wote wanaosema wanapita tu..."

"Wamo majumbani mwao, mwanangu. Walifungiwa wakachoka. Ukisema si yako, wanakuacha."

Nilisogea karibu nikamnong'oneza. "Bibi, makufuli haya manne mimi nayafungua kabla chai haijapoa. Hakuna atakayejua."

Aliniangalia kwa upole, kama anayemwonea huruma mtoto. "Najua unaweza. Ila niingie kwangu kama mwizi? Siku nitakayoingia humo, nitaingia mchana, watu wakiona, na mtu atasema kwa kinywa chake kwamba nyumba ni ya Nyamvula. Bila hivyo nitakufa hapa upenuni, na hapa pia ni pangu."

Nikarudi kwenye kutu.

Sasa, kutia mafuta kufuli la baraza kunahitaji ruhusa ya baraza lenyewe. Basi Jumanne na Jumatano nilizunguka kwa wakuu wote wanne, na kila mmoja nilimuuliza swali moja: nyumba ni ya nani? Nilitaka kujua ni yupi kati yao anayempinga yule bibi, nimpe maneno yake.

Mkuu wa Baraza la Jasho alinishika viganja kabla hata ya salamu, akavikagua sugu. Akafurahi. Akaniambia kitu huwa cha mtu pale jasho lake linapokiingia, na kwamba haki hiyo ilikuwapo kabla ya serikali, kabla ya wino, kabla ya kila kitu. Nyumba? "Ya Bi Nyamvula! Nani asiyejua? Si kaukanyaga udongo ule kwa miguu yake?" Nikamuuliza, je, kiwanja chenyewe, ardhi ile, nani aliitolea jasho hata ikawapo? Akafikiri, na katika kufikiri akaanza kutoka jasho kweli. Karani wake akaruka na kitambaa akamfuta haraka, lisije likadondokea kiti kikawa chake.

Mkuu wa Baraza la Muhuri alikuwa mama mdogo wa mwili, miwani minene, meza safi. "Kabla ya wino hakuna haki," akasema. "Kabla ya wino kuna watu wanapigana tu." Cheti cha Bi Nyamvula alikuwa amekikagua, muhuri umepigwa sawasawa, kwa hiyo nyumba yake. Nikajaribu kumtega. Na kama muhuri ungepigwa kwa jina la mbuzi? "Ingekuwa ya mbuzi," akajibu, wala hakukasirika. "Kama hilo ni jambo zuri au baya, kuna ofisi nyingine ya kulijadili. Sijui iko wapi."

Kwa Baraza la Mazoea nilitegemea kumkuta mzee. Nikamkuta kijana wa miaka thelathini, amevaa kanzu ya babu yake na anakohoa kikohozi cha babu yake. Huyu alisema sheria haitungwi, bali huota yenyewe kati ya watu kama inavyoota lugha yao, na anayeitunga ni mwongo. Nyumba ni ya Bi Nyamvula kwa kuwa ilikuwa kiwanja cha mama wa mama yake. Nikamwomba anioneshe mahali mazoea hayo yalipoandikwa. Akashtuka. "Tukiyaandika, wale wa Muhuri watayachukua!"

Na mkuu wa Baraza la Faida alikuwa na mabakuli ya kunde mezani, anapima furaha. Kila kunde ni furaha ya mtu mmoja kwa siku moja. "Tumepima mara tisa," akaniambia. "Akikaa humo Bi Nyamvula na wajukuu wake, bakuli linajaa. Tulijaribu hata kuweka askari hamsini, wakabanana, furaha ikashuka. Nyumba ni yake." Na kesho mkigundua wako hamsini wengine wanaobanana vizuri zaidi? "Tutamhamisha siku hiyohiyo, kwa masikitiko makubwa. Na masikitiko yetu pia tutayatia bakulini."

Nilitoka pale kichwa kinaniwanga. Ubaya ni kwamba kila nilipomsikiliza mmoja nilikubaliana naye, hata nikatikisa kichwa. Nikitoka nje tu, upepo ukinipiga, nakataa. Na hakuna aliyempinga Bi Nyamvula. Wote wanne, kwa vinywa vyao, ni yake, ni yake, ni yake, ni yake. Basi kwa nini yule bibi analala nje? Nilijiuliza mpaka nikajisikia mjinga.

Tarishi wa mahakama, mtu mfupi aitwaye Shaibu, alinikuta nimekaa ngazini nimejishika kichwa. "Usijichoshe, fundi," akasema. "Mimi nimebeba makaratasi yao miaka ishirini na miwili. Hayo ya jasho na muhuri ni mapambo. Sheria ni vile Jaji Mkuu alivyoamka. Akilala vizuri, watu wana nyumba. Jino lake likimsumbua, hakuna mwenye kitu nchini."

"Na kesi ya Bi Nyamvula je?"

"Kesho Alhamisi kesi yenu inasikilizwa. Leo nimemwona amekula mua." Akatikisa kichwa kwa huzuni.

Alhamisi ilikuwa siku ya saba ya mvua.

Ukumbi ulijaa. Mji mzima ulikuwapo, kila mtu akidai amepita tu kujikinga na mvua. Mama wa ugali alikuwapo, na baba wa dirisha na wale watoto wa watu. Bi Nyamvula alivaa kanga safi, akakaa mbele, mgongo wima, cheti mkononi. Mimi nilikaa nyuma yake. Jaji Mkuu akaingia, na Shaibu akanibonyeza mbavu: Jaji alikuwa amefunga kitambaa shavuni.

Wakuu wanne walianza kwa adabu. Baada ya nusu saa walikuwa wanapigana kwa methali.

"Mchumia juani hulia kivulini!" akanguruma wa Jasho. "Kivuli chake kiko wapi huyu mama?"

"Mali bila daftari hupotea bila habari," akasema wa Muhuri, akigonga meza kwa kidole.

"Mwacha mila ni mtumwa!" Huyo ni kijana wa Mazoea, akakohoa.

"Kizuri kula na nduguyo," akasema wa Faida, akimwaga kunde mezani.

Jaji akashika shavu. "Methali zote nne ni za kweli. Hiyo ndiyo taabu."

Uvumilivu ukaniishia. Najua si heshima mgeni kusimama mahakamani bila kuitwa, lakini nilisikia mvua inavyopiga paa, na nilijua kila tone lile linakwenda kwenye shamba tupu. Nikasimama. "Samahani wakubwa! Ninyi nyote mnasema nyumba ni yake?"

"Ndiyo!" wakajibu kwa sauti moja, kisha wakatazamana kwa aibu.

"Basi si mfungue!"

Yule mama wa Muhuri akaniuliza taratibu, kama anavyoulizwa mtoto, "Nani aanze?"

Ndipo nilipopata kujua. Atakayeanza kufungua, sababu yake ndiyo itakayokuwa imeifungua nyumba, na wengine watakuwa wamefuata tu. Wa Muhuri akitangulia, kesho nyumba zote za Hodhi zitakuwa za karatasi. Wa Jasho akitangulia, vyeti vyote ni vya kufungia vitumbua. Nikawaambia wafungue kwa pamoja, nitawahesabia mimi mwenyewe, moja, mbili, tatu. Wakacheka, lakini si kwa ubaya. Wa Mazoea akanieleza kwamba kitu chenye sababu nne zinazolingana hakina sababu yoyote, na hilo mabaraza yote yanalikubali.

"Lo!" nikasema.

Jaji akainua mkono. Alikuwa anasema kwa upande mmoja wa mdomo. "Sheria ni moja na mnaijua. Kitu chenye mwenyewe lazima kiwe na sababu, na sababu iwe moja. Kisicho na mwenyewe hakihitaji sababu wala kufuli. Kiko wazi kwa yeyote apitaye. Kesi hii naiahirisha mpaka mwakani."

Mwakani! Nikamwona Bi Nyamvula amekunja kile cheti, amekikunjua, amekikunja tena. Na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo nimekuwa nikilifikiria tangu siku ile. Niliinama nikamwambia sikioni, "Bibi, umesikia alivyosema? Sema si yako. Neno moja tu. Wafungue, uchukue mbegu zako, upande leo. Mimi na wewe tunajua ni ya nani. Wao waache na upuuzi wao."

Hakugeuka. "Ni neno tu?" akaniuliza.

"Ni neno tu, bibi."

Alikaa kidogo akisikiliza mvua. Kisha akasimama. Nilimsikia akivuta pumzi, na ukumbi wote ukaacha kukohoa.

"Nyumba ile," akasema Bi Nyamvula, "si yangu."

Mkuu wa Jasho akafunika uso. Yule wa Faida akaanza kuokota kunde zake moja moja. Jaji Mkuu akagusa shavu, akafungua kitambaa, akasema, "Limetulia," na nusu ya ukumbi wakapiga makofi. Hukumu ikaandikwa kwa mstari mmoja: kitu hiki hakina mwenyewe, kifunguliwe.

Tuliandamana wote mvuani. Wakuu wanne wakafungua makufuli yao kwa mpigo mmoja, hakuna aliyejali nani ametangulia, maana hapakuwa tena na cha kutangulia. Yalifunguka kwa urahisi ajabu. Nilikuwa nimeyatia mafuta vizuri.

Mlango ukawa wazi. Watu wakamngoja. Bi Nyamvula alifika kizingitini, akaweka mkono kwenye fremu aliyoipaka udongo kwa kiganja chake, na akasimama.

"Hodi," akasema.

Ndani hakukuwa na mtu wa kujibu. "Hodi," akarudia. "Hodi." Mwishowe mama wa ugali, nyuma ya umati, akaitikia kwa sauti ndogo, "Karibu, mpita njia." Bi Nyamvula akaingia.

Nikiri kwamba mchana ule nilifurahi. Viroba vilishushwa, na kwa kuwa mbegu sasa hazikuwa za mtu, kila mtu aliweza kuzishika bila hofu. Watu kama thelathini waliokuwa wakipita wakapita na majembe. Baba wa dirisha aliona paa linavuja, akasema alisaidie. Jua lilipozama shamba lote lilikuwa limepandwa, na wajukuu wanne wakarudi mmoja mmoja, wakisema wamekuja kujikinga. Nilijiona hodari. Nilijisemea, wanne hao na kunde zao na kanzu zao, na mimi fundi wa kufuli nimewashinda kwa neno moja.

Kesho yake asubuhi nilipita kumuaga. Moshi ulikuwa unatoka juu ya makuti, na Bi Nyamvula alikuwa ndani ya mlango wake anasafisha masufuria, hapo alipopakosa miezi minane. Nikasimama nje nikamtania, nikitegemea acheke nami, au hata anikonyeze tu.

"Bi Nyamvula! Nyumba ya nani hii?"

Hakuinua kichwa. "Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi napita tu."

Nikangoja. Nilingoja muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu anayeaga. Akamaliza sufuria moja akachukua nyingine, na uso wake haukuwa na mzaha wowote. Kigoda chake hakikuwa tena upenuni. Alikuwa ameketi chini, sakafuni, karibu na mlango, kama akaavyo mgeni asiyejua atakaribishwa mpaka saa ngapi. Nikataka kumwomba radhi na sikujua nianzie wapi. Nilikuwa nimemwambia ni neno tu. Nikasema "Haya, kwaheri bibi," na akasema "Nenda salama," na nikaondoka na aibu yangu.

Kwenye lango la mji walikuwapo maofisa wanne, kila mmoja na kufuli lake mkononi. Waliniuliza kwa heshima zote. "Sanduku hilo la zana, fundi. Ni lako?"

Nikafungua mdomo. Sanduku lile aliniachia baba yangu, naye aliachiwa na mjomba wake. Mishikio yake niliichonga mwenyewe. Nina hati ya chama cha mafundi yenye jina langu. Na katika nchi yetu hakuna anayelitumia vizuri kunizidi, hilo nasema bila kuona haya. Sababu zote nne zilikuja zikajipanga ulimini, na zote ni za kweli. Nikawatazama wale maofisa, nikayatazama makufuli yao. Yalikuwa mapya, hayana kutu hata chembe.

"Sijui," nikasema. "Nimelikuta njiani."

Wakanipisha kwa tabasamu. Nikatembea, sanduku linanigonga paja, zito vilevile kama siku zote. Mkono uliniuma, lakini sikuthubutu kulihamishia mkono wa pili mpaka nilipogeuka nikahakikisha hakuna mtu ananiona.